Sumu Tunayoiita Dawa

Lugha humjengea mtu mazoea, na baadhi ya mazoea huua. Mkulima wetu anapotaka kuangamiza magugu husema anakwenda "kupiga dawa". Neno hilo tulilitwaa kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kitu cha kuponya, nasi tukalipanua: dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu. Upanuzi huo si kosa la kisarufi. Lakini kuhusu parakwati, una hatari kubwa.

Parakwati, ambayo wakulima wengi waijua kwa jina la Gramoxone, ilianza kuuzwa mwaka wa 1962 na kampuni ya ICI ya Uingereza. Hapana ubishi kwamba ina manufaa. Huunguza kila jani bichi inalogusa, na jua likiwaka magugu hunyauka katika muda wa saa chache. Ikifika udongoni hunaswa humo, hivyo mkulima aweza kupanda bila kulima. Kwa mama ambaye angeinama na jembe kwa majuma mawili, hiyo si nafuu ndogo.

Hata hivyo, kabla ya kuzimuliwa, kiasi cha kijiko kimoja cha mezani chaweza kumwua mtu mzima. Huharibu figo na ini, kisha mapafu huingia makovu, na mgonjwa huishiwa na pumzi siku baada ya siku huku akili zake zikiwa timamu. "Dawa" hiyo haina dawa. Watengenezaji waliitia rangi ya buluu, harufu mbaya na kitu cha kutapisha kwa kuwa kuna watu walioinywa wakidhani ni soda. Mahakama ya Ulaya ilibatilisha idhini yake mwaka wa 2007, nazo Thailand na Brazil zikaipiga marufuku mwaka wa 2020. Ajabu ni kwamba baada ya 2007 iliendelea kutengenezwa Huddersfield, Uingereza, ili iuzwe ng'ambo.

Wako watakaosema kosa ni la mkulima asiyesoma kibandiko. Lakini anayepimiwa sumu katika chupa ya soda ana kibandiko gani cha kusoma? Alicho nacho ni jina tu, na jina hilo ni dawa. Chupa hiyo ikiwekwa chini ya kitanda, mtoto mwenye kiu atajuaje?

Kiswahili hakina uhaba wa maneno. Tunalo neno "kiuagugu", na "sumu ya magugu" hueleweka hata na asiyejua kusoma. Kubadili jina hakutapunguza makali ya sumu, kutamzindua anayeishika. Serikali na iwabane wachuuzi wanaoipima kwa chupa. Nanyi walimu wa Kiswahili na wa Kilimo, lifundisheni jina lake halisi darasani, ili mwanafunzi arudipo nyumbani jioni aulize: ile sumu imewekwa wapi?