Pemba yaifundisha dunia tiba, mkulima wake bado asubiri

Januari 2006, jarida la kitabibu la Lancet la Uingereza lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika kisiwani Pemba, na katika muda wa miezi michache tu mashirika makubwa ya afya duniani yakalazimika kubadili ushauri wao kuhusu watoto wadogo. Ni visiwa vichache katika Bahari ya Hindi vinavyoweza kujivunia jambo kama hilo. Hata hivyo, kisiwa hicho hicho kinaendelea kuhesabiwa miongoni mwa maeneo yenye umaskini mkubwa zaidi nchini Tanzania.

Hali hiyo inazua swali ambalo wapangaji wa maendeleo wa Zanzibar hawana budi kulijibu. Inakuwaje mahali panapozalisha elimu ya kisayansi ya kiwango cha kimataifa pashindwe kuigeuza elimu hiyo kuwa kipato cha wananchi wake?

Kitovu cha utafiti huo ni Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyoko Wawi, Chake Chake. Ilifunguliwa mwaka 2000 kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya ya Zanzibar na taasisi ya Kiitaliano yenye jina la Profesa Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea aliyefariki dunia mwaka 1993. Lakini mizizi yake ni ya zamani zaidi. Katika miaka ya 1980, Zanzibar ilishirikiana na Italia na Shirika la Afya Duniani (WHO) kupambana na kichocho Pemba, na katika miaka ya 1990 kampeni ya dawa za minyoo ikaingia mashuleni.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa unaonyesha thamani ya sayansi inayofanyika mahali penye tatizo. Wakati huo ushauri wa kimataifa ulikuwa ni kuwapa watoto wadogo madini ya chuma katika nchi ambazo upungufu wa damu umeenea. Ilionekana ni jambo la busara lisilo na madhara. Watafiti wakiongozwa na Dk. Sunil Sazawal waliamua kulipima Pemba, ambako malaria wakati huo ilikuwa kali. Zaidi ya watoto 24,000 wenye umri usiozidi miaka mitatu waligawanywa katika makundi. Baadhi walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki, pamoja na zinki au bila zinki, na wengine walipewa vidonge visivyo na dawa.

Agosti 2003 utoaji wa madini ya chuma ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Takwimu zilikuwa zimeonyesha kuwa watoto waliopewa madini hayo walikuwa katika hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kuugua kiasi cha kulazwa hospitalini. Aidha, uchunguzi wa kundi dogo ulibainisha kuwa watoto waliokuwa na upungufu halisi wa madini hayo walinufaika. Kwa maneno mengine, ubaya haukuwa katika dawa yenyewe bali katika kuigawa kwa kila mtoto bila kupima, katika eneo lenye malaria nyingi. Mwaka 2006 WHO na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) walitoa tamko la kutahadharisha nchi zenye malaria, na miongozo iliyofuata ikaambatanisha utoaji wa madini ya chuma na kinga ya malaria.

Huo si mfano pekee. Mwanzoni mwa mwaka 2009, wakazi wa maeneo yenye hatari kubwa ya kipindupindu Unguja na Pemba walipewa chanjo ya kunywa, na ufuatiliaji ukaonyesha kuwa ilimkinga aliyeipata kwa kiwango cha asilimia 79. Matokeo hayo yaliongeza nguvu ya hoja ya kuitumia chanjo hiyo barani Afrika. Mwaka 2023 ukafuata utafiti wa dawa ya emodepside, ambayo hadi wakati huo ilijulikana zaidi kama dawa ya minyoo ya paka na mbwa. Kiwango kimojawapo cha dawa hiyo kiliwaponya minyoo aina ya mjeledi asilimia 85 ya watu waliokipata, wakati albendazole, dawa iliyozoeleka, iliponya asilimia 17 tu.

Ni kweli kwamba tafiti hizo zina faida ya kiuchumi, japo haionekani haraka. Mtoto mwenye safura hupoteza damu, huchoka darasani na hatimaye huwa mfanyakazi dhaifu. Mwenye kichocho huweza kuharibikiwa kibofu na figo. Kumponya mtu wa aina hiyo ni kuongeza nguvu kazi ya taifa.

Lakini sayansi hiyo hiyo imetoa onyo. Kati ya mwaka 2012 na 2017 Zanzibar ilijaribu kutokomeza kichocho cha mkojo kwa kugawa dawa mara mbili kwa mwaka, kuua konokono wanaobeba vimelea katika baadhi ya shehia, na kuwaelimisha wananchi katika shehia nyingine. Ugonjwa ulipungua sana, lakini haukutoweka. Katika baadhi ya maeneo maambukizi yalirudi, kwa sababu watu waliendelea kuoga na kufua katika mabwawa na vijito vyenye konokono hao. Kidonge hakiwezi kufanya kazi ya bomba la maji na choo. Hapo ndipo utafiti wa afya unapogongana na umaskini.

Upande wa pili wa sarafu ni kilimo. Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, na serikali, kupitia Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), iliamua kumlipa mkulima hadi asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Hatua hiyo ilipunguza kishawishi cha kusafirisha karafuu kwa magendo kwenda Kenya. Hata hivyo, bei nzuri haiwezi kuufanya mkarafuu mkongwe uzae, wala haiwezi kuuponya ugonjwa.

Historia inaonyesha kuwa utafiti wa zao hilo umewahi kupewa uzito. Katika miaka ya 1950, wataalamu Nutman na Roberts walichunguza ugonjwa wa kifo cha ghafla uliokuwa ukiteketeza mikarafuu Zanzibar, wakauhusisha na kuvu. Inashangaza kwamba baada ya zaidi ya miaka 60, zao lililojenga Zanzibar halina kituo cha utafiti chenye jina duniani linalolingana na la maabara ya minyoo. Hapo hapo Wawi kipo kiwanda cha makonyo kinachokamua mafuta ya mkarafuu, lakini sehemu kubwa ya mavuno bado husafirishwa ikiwa karafuu kavu, na thamani huongezwa ughaibuni.

Mwani nao una kisa chake. Kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, baada ya tafiti za mtaalamu wa mimea ya baharini, Profesa Keto Mshigeni. Hivyo ni zao lililozaliwa na sayansi. Leo wakulima wake, wengi wao wanawake, wanaona aina yenye bei nzuri ikifa kadiri maji ya pwani yanavyozidi joto. Aina hiyo hustawi zaidi katika kina kirefu, ambako mama asiye na chombo wala ujuzi wa kuogelea hawezi kufika.

Kwa wanaodhani kuwa utafiti ni anasa ya mataifa makubwa, mfano wa Wabaski wa kaskazini mwa Uhispania unafaa kutazamwa. Ni jamii ndogo yenye lugha yake. Huko Mondragon, ushirika ulioanza katika miaka ya 1950 ulianzisha mwaka 1974 kituo chake cha utafiti, Ikerlan, ili viwanda vyake visitegemee teknolojia ya kununua. Viwanda vya chuma na meli vilipoanguka katika miaka ya 1980, serikali ya jimbo iliwekeza katika teknolojia, ikiwemo bustani ya teknolojia ya Zamudio karibu na Bilbao. Pemba haina chuma wala mabenki ya Bilbao. Kinachofanana ni kanuni: mwenye kulipia utafiti ndiye anayechagua swali.

Na hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Wafadhili wa nje wamelipia maswali ya minyoo, chanjo na virutubisho kwa sababu majibu yake yana manufaa kwa dunia nzima. Hakuna mfadhili wa Ulaya mwenye haraka ya kujua kwa nini mkarafuu wa Konde au Mtambile unanyauka. Swali hilo ni la Wazanzibari wenyewe. Mwaka 2007 nchi za Umoja wa Afrika zilijiwekea lengo la kutenga asilimia moja ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti, na nyingi hazijalifikia. Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, miradi mingi ya afya barani Afrika ilisimama ghafla. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Wapo wanaosema kuwa serikali yenye mahitaji mengi haiwezi kuanza na maabara. Hoja hiyo ina uzito, lakini Pemba haianzi na sifuri. Tangu mwaka 2010 inapata umeme wa gridi ya taifa kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, uliofadhiliwa na Norway. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kina kampasi Mchangamdogo. Zaidi ya yote, wapo Wapemba waliokwishajifunza kazi ya utafiti kwa vitendo kwa zaidi ya miaka 20, kuanzia wanaotazama darubini hadi wanaopita nyumba kwa nyumba kukusanya takwimu.

Kinachohitajika ni uamuzi. Sehemu ndogo ya mapato ya kila kilo ya karafuu ikitengwa kisheria kwa ajili ya utafiti wa karafuu na mwani, na wakulima wakapewa viti katika bodi inayochagua maswali, Wawi inaweza kuwa mahali ambapo dunia inajifunza na Mpemba pia ananufaika. Bila ya hivyo, majarida ya kigeni yataendelea kulitaja jina la Pemba kwa heshima, huku vijana wake wakiendelea kupanga foleni bandarini Mkoani kutafuta riziki ng'ambo ya mkondo.