Hofu Haiondoki kwa Kipaza Sauti

UE zimebaki wiki mbili, vimbweta vimejaa mpaka saa nane usiku, na mimi nilitakiwa niwe napiga msuli saa hizi. Lakini kuna jambo linanikera, na nisipolitoa litaniingilia mpaka chumba cha mtihani. Atakayekwazika aniwie radhi, ila asome mpaka mwisho kwanza.

Kila mwisho wa muhula ibada zetu za jioni hubadilika. Mhubiri anapanda, anauliza nani ana hofu ya mitihani. Nani asiyekuwa nayo jamani? Mikono juu, watu mbele, roho ya hofu inakemewa mpaka spika zinakoroma. Tunaambiwa imetoka, tunapiga makofi, tunarudi hosteli. Kesho yake asubuhi tumbo linakata vilevile. Ila sasa mtu ana hofu mbili: ile ya kupata sapu au kudisko, na hii mpya, ya wenzake kugundua kwamba bado anaogopa. Maana tumeshamfundisha kwamba anayeogopa hana imani.

Mimi ni mkristo, nasali na nafunga, na nasema wazi: hayo si mafundisho ya Biblia. Ni kumwongezea mtu mzigo.

Chukueni Gideoni, Waamuzi sura ya 6. Aliambiwa aibomoe madhabahu ya Baali iliyokuwa ya baba yake mwenyewe. Akachukua watumishi kumi akaenda kuibomoa usiku, na Biblia haifichi sababu: aliwaogopa watu wa nyumbani kwao na watu wa mji. Hakuna aliyemrudisha nyuma eti akakemewe kwanza ndipo aende mchana. Asubuhi watu walipoamka, madhabahu ilikuwa chini. Paulo naye anawaambia Wakorintho kwamba alifika kwao akiwa dhaifu, mwenye hofu na kutetemeka. Na Yesu pale Gethsemane aliomba zaidi ya mara moja kikombe kimwepuke. Nani atampandisha Yesu jukwaani amkemee?

Najua mtanijibu kwa 2 Timotheo 1:7, maana imebandikwa kwenye kila mlango wa hosteli. Sawa, tuisome. Mtume anataja vitu vitatu tulivyopewa badala ya woga: nguvu, upendo na kiasi. Nguvu tunaijua, ndiyo tunayoipigia kelele. Upendo na kiasi viko wapi? Kiasi ni pamoja na kufungua daftari wiki ya tatu ya muhula na si wiki ya kumi na nne, na kwenda kulala ukichoka. Halafu soma mstari wa 8. Huyo anayeandika ni mfungwa, na anamwambia Timotheo asimwonee haya yeye mfungwa, avumilie mabaya pamoja naye. Kwa hiyo mstari wetu pendwa umetoka gerezani, na hauahidi kwamba mambo yatakuwa laini.

Mfano mwingine ni Martin Luther King. Januari 1956 alikuwa mchungaji wa miaka 27 tu mjini Montgomery, Alabama, akiongoza mgomo wa mabasi ulioanza Desemba 1955. Usiku mmoja simu ikalia, mtu akamtisha kwamba wataulipua nyumba yake. Usingizi ukapaa. Akaenda jikoni, akachemsha kahawa, akakaa anatafuta namna ya kujitoa bila kuonekana mwoga. Kisha akaomba kwa sauti, na katika maombi yale alimwambia Mungu ukweli: kwamba anaogopa na nguvu zimemwishia. Alisimulia baadaye kwamba alisikia ndani yake akiambiwa asimamie haki na kwamba hataachwa peke yake. Siku chache baadaye, tarehe 30 Januari, bomu lililipuka kwenye baraza la nyumba yake, mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani. Walitoka salama, na yeye aliendelea. Mgomo ulimalizika Desemba 1956 na ubaguzi kwenye mabasi ya mji ule ukafutwa. Mwaka 1968 alipigwa risasi akafa.

Nimeitaja risasi kwa makusudi. Yale maombi ya jikoni hayakumpa kinga ya mabomu, yalimpa sababu ya kutokukimbia. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, na sisi tunauziwa cha kwanza kila wiki: mafuta, maji, chumvi, vitambaa. Mnakumbuka Moshi, Februari 1, 2020. Watu walikimbilia kukanyaga mafuta ya upako uwanjani, wakakanyagana, 20 wakafariki. Siwacheki marehemu hata kidogo. Walikuja na magonjwa yao, madeni yao, hofu zao za kila siku kama za kwangu na zako. Wanaostahili kuulizwa ni wale waliowaaminisha kwamba hofu ni kitu cha kukanyaga kwa dakika moja kikaisha.

Sasa nije kwenye kinachoniuma hasa. Kuna dada mmoja ninayemfahamu, jina lake na chuo chake naviacha. Mwalimu wa somo fulani alimtumia meseji kwamba maksi zake zina matatizo, aende jioni kwenye nyumba moja ya wageni wakazijadili. Mnajua maana yake. Akawaeleza viongozi wake wa maombi. Wakamwambia hiyo hofu ni roho, afunge siku tatu. Akafunga. Siku ya nne meseji ikaingia tena, safari hii na namba ya chumba.

Esta naye alifunga siku tatu, tena akaomba wenzake wafunge pamoja naye. Lakini siku ya tatu alivaa mavazi yake akaenda kwa mfalme bila kuitwa, akijua sheria inaweza kumuua. Kufunga kulikuwa maandalizi ya kwenda. Sisi tumekata hadithi katikati, tumebaki na njaa tu.

Na aliyemwambia yule dada "twende" ni mwenzake wa chumba, binti wa Kiislamu. Ndiye aliyemwambia asifute zile meseji, akakaa naye akiandika maelezo, akamsindikiza mpaka ofisini na kumsubiri nje kwenye benchi saa mbili nzima. Shauri bado liko kamatini na dada bado anaogopa, hasa akimwona yule mwalimu koridoni. Lakini darasani anaingia. Wapendwa, siku ile nani aliishi mstari wa 7, wenye spika au aliyekaa kwenye benchi?

Kwa hiyo naomba hivi. Viongozi wa fellowship, mtu akiwaletea hofu yake, muulizeni kwanza anaogopa nini. Kama ni mtihani, ombeni naye, kisha mtafutieni wa kusoma naye. Kama ni ada au bumu halijaingia, tuchangishane hata ya ugali. Kama ni mwalimu anayemtaka kingono, hiyo hofu ina akili timamu, inamwambia kwamba kuna hatari! Msiikemee. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na namba ya TAKUKURU ni 113, kupiga ni bure. Ombeni naye, halafu mvae viatu mwende naye.

Na wewe unayesoma hapa na tumbo linakuuma kwa ajili ya UE, hujapungukiwa imani. Mwambie Mungu unaogopa, yeye si mgeni wa habari hiyo. Kisha njoo kimbweta cha pili kutoka kantini, tupo kila siku kuanzia saa mbili usiku, tuna desa za takwimu na chai ya rangi. Mwenye hoja ya kunipinga naye aje, ila aje na Biblia yake, kipaza sauti akiache.