Anayenunua Nyumba Kijijini Hajatuhama

Siku hizi familia ikitangaza kwenye kikao cha jumuiya yetu kwamba imenunua fleti kijijini, mbali na Stuttgart, watu hupongeza, halafu pembeni yanaanza mengine: hao ndiyo basi, wametutupa. Wengine hupiga hesabu ya nyumba ngapi zingesimama Kigamboni au Kitengela kwa fedha hizo. Jarida hili linasema wazi kwamba maneno hayo si ya haki, tena huwafikia wenzetu wakati ule ule wanapotuhitaji zaidi.

Tuanze na fedha, maana ndiko lawama zinakoanzia. Aliyepanga katika jengo la miaka ya 1960 ambalo halijakarabatiwa anaijua barua ya malipo ya ziada ya joto. Jengo la aina hiyo huweza kula zaidi ya kilowati-saa 200 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Kwa fleti ya mita 75, hizo ni kilowati-saa 15,000. Nyumba ya kiwango cha Passivhaus, ambacho jengo lake la kwanza lilisimama Darmstadt mwaka 1991, haitakiwi kuhitaji zaidi ya 15 za joto kwa mita ya mraba, yaani 1,125 kwa fleti ya ukubwa ule ule. Fleti mpya nyingi hazifiki huko, lakini ya daraja A kwenye cheti cha nishati iko chini ya 50. Tena tangu 2021 gesi na mafuta ya kupashia nyumba joto vinatozwa ada ya hewa ya ukaa: ilianza kwa yuro 25 kwa tani, na mwaka 2025 ilikuwa 55. Mpangaji hana uwezo wa kubadilisha ukuta wala dirisha. Mwenye fleti yenye kuta zilizokingwa vizuri na madirisha ya vioo vitatu amejipunguzia gharama hiyo kwa miaka mingi, na fedha anayookoa ndiyo hiyo itakayolipa ada ya shule Morogoro.

Nyumba hizi, hata hivyo, zina tabia zake. Penye pampu ya joto, mashine hiyo hutoa kama sehemu tatu hadi nne za joto kwa kila sehemu moja ya umeme, ilimradi maji yanayozunguka chini ya sakafu yabaki vuguvugu. Sakafu hiyo hupata joto polepole, kwa saa nyingi. Ukizima asubuhi na kuwasha jioni, kama tulivyozoea kwenye redieta, utalala na baridi na hutaokoa kitu. Iache ifanye kazi yake. Na kwa kuwa jengo limezibwa lisivujishe hewa, mvuke wa maharage yanayotokota na wa nguo zinazoanikwa ndani hauna pa kwenda. Penye mashine ya kubadilisha hewa, isizimwe kwa kuogopa bili, na vichujio vyake vibadilishwe kwa wakati. Pasipo nayo, madirisha yafunguliwe wazi kabisa dakika chache asubuhi na jioni, kisha yafungwe. Asiyefanya hivyo atakuta ukungu mweusi nyuma ya kabati, kwenye nyumba mpya.

Kuhusu karatasi tutakuwa wafupi. Cheti cha nishati, Energieausweis, lazima uonyeshwe siku ya kutazama nyumba. Usikubali kuambiwa kitaletwa baadaye. Ukinunua fleti iliyokwisha kukaliwa, omba mihutasari ya vikao vya wamiliki ya miaka mitatu iliyopita, uangalie na akiba ya matengenezo, kwa sababu paa likiharibika unalipa na wewe. Baden-Württemberg inatoza kodi ya ununuzi ya asilimia 5, Bavaria 3.5. Ukijumlisha notari, usajili na dalali, gharama za pembeni hukaribia asilimia 10, na benki nyingi hutaka uwe nazo mkononi. Ukinunua kwa kampuni inayojenga, rasimu ya mkataba inapaswa kukufikia wiki mbili kabla ya kusaini. Na kama Kijerumani chako hakitoshi, mwambie notari. Sheria inataka mkataba utafsiriwe mbele yako. Aibu ya dakika moja ni nafuu kuliko kutikisa kichwa saa nzima, kisha kulipa miaka thelathini kwa jambo usilolielewa.

Kijiji chenyewe hakina cheti. Ndiyo maana tunawasihi wanaotafuta: nendeni Jumapili jioni mkaone basi linapita mara ngapi, nendeni siku ya sherehe ya kijiji, ongeeni na watakaokuwa majirani, mtazame wanavyowaangalia watoto wenu. Si kila kijiji kinampokea mtu mweusi kwa moyo mweupe, na hatutawaficha hilo. Moyo ukikataa, ondokeni, hata kama fleti ni ya daraja la juu kabisa.

Lakini pakiwa pema, ingieni kweli. Zamu ya kufagia ngazi ikifika, fagieni, msingoje kukumbushwa. Wapelekeni vijana kwenye zimamoto ya kujitolea, kwa kuwa ndiyo inayozima moto katika vijiji vya nchi hii. Salamu mzitoe nyinyi kwanza, kama mlivyolelewa. Mzee wa mlango wa pili akionekana mkali, huenda anangoja tu kuona kama mmekuja kukaa au mnapita. Usiku mtoto akizidiwa, huyo ndiye atakayegonga mlango kabla yeyote kati yetu hajapata treni.

Sisi tuliobaki mjini tuna wajibu pia. Mikutano yote hufanyika katikati ya jiji, na anayeishi kijijini huondoka kabla ya chakula ili asikose basi la mwisho. Halafu tunasema ametutupa. Tunapendekeza kwa kamati kwamba mwaka huu futari moja na sherehe moja ya Krismasi zifanyike katika kumbi za vijiji ambamo wenzetu wamenunua, na majirani zao waalikwe. Kila familia iliyohama ipewe familia moja ya mjini ya kuwasiliana nayo kila wiki. Na yeyote mwenye miadi na notari ambaye angependa mtu wa kusoma naye karatasi hizo, amwone katibu mapema, wiki mbili zile zikiwa bado hazijaisha.