Kima Asiye na Punju

Nakaa Pete, kando ya msitu wa Jozani, Unguja, nami nataka kumtetea jirani yangu. Punju maana yake ni sumu. Kima mwekundu wa Unguja ameitwa kima punju kwa dai kwamba mti anaoula hufa. Kazi yangu ni lugha. Nasema jina hili ni singizio.

Nimewaona wakiteremka mwembeni, wakaingia jikoni mwangu bila ya hodi, wakaondoka na vipande vya mkaa midomoni. Nilidhani wameiba muhogo! Wataalamu wameeleza kuwa majani ya mwembe na mkungu yana kemikali za kudhuru, na mkaa huzifyonza. Basi anayejitibu sumu ndiye tuliyemwita sumu. Siex na Struhsaker walichunguza minazi hapa hapa, wakatoa habari zao mwaka 1999: kima hula vidaka, lakini hawakuona kwamba mavuno hupungua kwa ajili hiyo.

Wataniambia kuwa jina ni urithi wa wazee. Wazee wale wale walituachia na adabu ya kutomshitaki mtu bila ya shahidi.

Wala simtupi mkulima. Tangu 2004 msitu huu ni hifadhi ya taifa. Mgeni hulipa kiingilio amtazame kima ambaye amekwisha kushiba shambani kwa maskini. Mkulima na adai haki yake ya majani na matunda yaliyoliwa kweli, nami nitasimama naye. Nikiulizwa habari ya mti uliouawa kwa punju, sitasimama.