Herufi moja isimkoseshe mtu chuo

Jamani, kila dirisha la udahili likifungwa simu yangu haipumziki. Wadogo zangu, binamu, watoto wa jirani, wote wimbo mmoja: "Kaka, nimeshatuma maombi, sasa naona nimekosea. Ndiyo basi tena?" Mmoja kasahau nukta. Mwingine kaanza jina la shule kwa herufi ndogo. Usingizi hawapati.

Hivi karibuni nilikuwa Mafia kikazi. Pale Utende, kwenye Ghuba ya Chole, nikisubiri boti ya kuvuka kwenda Chole, kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita alisikia kuwa mimi ni mwandishi. Akanionyesha simu yake. Cheti cha kuzaliwa kinasema Abdalla. Cheti cha kidato cha nne kinasema Abdallah. Maombi ya mkopo ameshatuma. "Kaka, hii h itanimaliza," akasema.

Hebu tutenganishe mambo mawili hapa. Kuna makosa ya aibu na kuna makosa ya utambulisho. Nukta, koma na sentensi iliyopinda ni aibu tu. Vyuo vyetu vinatazama ufaulu wako na masomo uliyosoma, si uzuri wa koma zako. Hayo yasahau, ukalale.

Ila jina, mwaka na namba ya mtihani ni habari nyingine. Namba ya Baraza la Mitihani huanza na S kwa mtahiniwa wa shule na P kwa wa kujitegemea. Ukibadilisha herufi hiyo moja, kompyuta inamtafuta mtu mwingine kabisa. Kosa la namna hiyo usikae nalo kimya.

Sasa, ile h ni kosa la nani? Pwani majina haya yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi. Mohamed, Muhamedi na Mohammed kwa Kiarabu ni jina moja la herufi nne. Wakaja Wajerumani, kisha Waingereza walioitwaa Mafia mwaka 1915, na herufi zao za Kirumi. Mpaka leo karani wa zahanati anaandika alivyosikia, mwalimu anaandika alivyozoea. Mtoto haulizwi. Akifika miaka 19 ndipo anaambiwa athibitishe kuwa yeye ni yeye!

Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, inataka cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA. Sipingi. Fedha ni za umma na wajanja wapo. Lakini tofauti ya Abdalla na Abdallah si sawa na tofauti ya Abdalla na Juma. Anayeishi Dar es Salaam akitaka hati ya kiapo anapanda daladala tu. Anayeishi Chole anavuka maji, anapanda gari mpaka Kilindoni, na akikosa huduma hapo anavuka bahari tena kwenda bara. Herufi ni ile ile, gharama tofauti.

Dawa yake wala si ngumu. Kabla shule haijasajili watahiniwa, kila jina lilinganishwe na cheti cha kuzaliwa, mzazi akiwepo. Mtoto asiye na cheti asaidiwe kukipata wakati huo, si siku tano kabla ya dirisha kufungwa.

Kwa ambao mmeshatuma: tangu mwaka 2017 maombi ya shahada yanakwenda moja kwa moja vyuoni, na udahili hufanyika kwa awamu. Bodi nayo imekuwa ikiwapa waombaji wenye dosari siku za kurekebisha. Kwa hiyo ingia kwenye akaunti yako, tazama kama sehemu ya kurekebisha iko wazi, piga simu, andika barua pepe, tafuta hati ya kiapo kama ni jina. Kisha hifadhi nakala ya kila ulichotuma. Kusoma fomu ile ile mara ishirini usiku hakubadilishi herufi hata moja.

Na wewe unayesoma hapa, jina lako linafanana kwenye vyeti vyako vyote? Vitoe kabatini uvitazame leo, kisha uniambie umekuta nini.