Neno la Mhariri: Mchoro Usingoje Somo Liishe

Mjadala wa vishikwambi katika shule za msingi za Tanzania umezunguka kwa muda mrefu swali moja tu, nalo ni iwapo chombo hicho humfikisha mtoto kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, upesi kuliko chaki na ubao. Toleo hili limeandaliwa kwa sababu swali hilo, kwa jinsi linavyoulizwa, limeifungia nje stadi ambayo mtoto huingia nayo darasani akiwa tayari anaimudu, yaani kuchora. Mchoro wa kidijitali, ule unaochorwa kwa kidole au kalamu maalumu juu ya kioo na kuhifadhiwa ndani ya kifaa, umezoeleka kutajwa kama burudani ya kumtuliza aliyemaliza zoezi mapema, na mazoea hayo yanawanyima watoto njia ya kufikiri ambayo masomo yote yanaihitaji.

Mkoa wa Tanga una sababu ya pekee ya kuujadili upungufu huu, kwa kuwa ndiko shindano la Global Learning XPRIZE lilikojaribu programu tano za kujifunzia kwa Kiswahili, kuanzia mwaka 2017 hadi 2019, katika vijiji vipatavyo 170 vyenye karibu watoto 3,000. Matokeo yake yanastahili heshima: kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu, ndipo timu za onebillion na Kitkit School zikagawana tuzo ya dola milioni 10 mwezi Mei 2019. Hata hivyo, kilichopimwa ni kusoma, kuandika na kuhesabu, na mjadala uliofuata ukarithi mipaka ya kipimo hicho, kana kwamba mkono wa mtoto juu ya kioo hauna kazi nyingine ila kufuatisha herufi na kugusa jibu sahihi.

Kinachopotea huonekana wazi mkoani humo humo, pale Mombo, kwenye njia panda inayotoka barabara kuu na kupanda Lushoto kupitia Soni. Mombo ipo chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, Lushoto ipo karibu mita 1,400, na barabara inayoziunganisha ina urefu wa kilomita zipatazo 33, ingawa umbali wa moja kwa moja haufikii nusu ya hizo. Mtoto wa Darasa la Nne anayetakiwa kuichora safari hiyo kwa mkato wa wima, yaani kama mlima uliopasuliwa ukaonekana kwa ubavu, hukutana papo hapo na swali la skeli, kisha hugundua mwenyewe kwamba barabara imejipinda kwa sababu gari lisingeweza kuupanda mlima kwa mstari ulionyooka, na hilo ni somo la Hisabati lililomjia kabla hajatajiwa neno uwiano. Akiongeza tabaka la pili, yaani karatasi angavu ya kidijitali inayowekwa juu ya mchoro bila kuuharibu, ataweka katani na mpunga wa umwagiliaji bondeni, kabichi na karoti huko juu, naye atalazimika kueleza kwa nini mvua huwapendelea wa mlimani. Wasambaa waliitambua tofauti hiyo zamani kwa kuyapa maeneo hayo majina mawili, nyika na shambaai, na maneno hayo yana haki ya kuandikwa kwenye mchoro kando ya istilahi za Jiografia. Tabaka la tatu litabeba reli iliyotoka Tanga na kufika Mombo mwaka 1905, na hapo Historia haitakuwa tena orodha ya miaka, kwa kuwa mtoto ataona reli ikikumbatia tambarare na kuuacha mlima upande mmoja.

Karatasi ingeweza kubeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, na toleo hili halidai kwamba kioo kichukue nafasi ya penseli, ambayo vidole vya mtoto vinahitaji kuizoea. Tofauti ipo katika kufuta na kurudi nyuma. Mtoto anayejua kwamba mstari uliokosewa unaweza kuondolewa bila kuchafua daftari huthubutu kukisia, na programu inayohifadhi hatua za uchoraji humwezesha mwalimu kuona mahali wazo lilipogeuka, jambo ambalo mchoro uliokamilika hulificha. Seymour Papert na wenzake walilielewa hili tangu mwaka 1967 walipounda Logo, lugha ya kompyuta ambamo baadaye mtoto alichora kwa kumwamuru kobe asogee na kugeuka, na kosa likawa jambo la kuchunguzwa badala ya kupigiwa mkasi mwekundu.

Hoja kwamba shule za vijijini hazina vifaa vya kutosha ni ya kweli, lakini haitoshi kufunga mjadala. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu, na kifaa kimoja kinatosha kwa darasa ambalo makundi huchora kwanza sakafuni au kwenye karatasi, mwalimu akapiga picha, kisha kila kundi likaongeza tabaka lake kwa zamu.

Makala ya kwanza ya toleo hili inahusu sehemu na maumbo, nayo ndiyo inayoshikamana zaidi na hoja hii. Makala kuhusu umeme wa jua ni ya manufaa kwa wakuu wa shule. Ile inayotetea kuchora kubaki ndani ya kipindi cha Sanaa na Michezo imechapishwa kwa sababu imeandikwa kwa umakini, ingawa mwandishi wake hajaeleza kwa nini mwalimu wa Jiografia na Mazingira amngoje mwenzake wa sanaa ndipo mlima uchorwe. Mjadala wa mwisho unahusu upimaji wa Darasa la Nne, na pendekezo linalowekwa mbele ya wasomaji ni kwamba walau mchoro mmoja wa kila mwanafunzi, pamoja na hatua zake zote, uhifadhiwe katika kumbukumbu zake za maendeleo, ukae kando ya alama za Hisabati na Kiswahili.