Nauli ya mjumbe wa Rangwe

Jirani yangu hapa Kochia ametundika ukutani, kando ya kalenda, beji ya mjumbe aliyoivaa Kasarani tarehe 1 Septemba 2007. Siku hiyo ODM ilimteua mgombea urais: Raila Odinga kura 2,656, Musalia Mudavadi 391, William Ruto 368. Jirani alipewa karatasi, akaenda pembeni, akatia alama. Huisimulia siku hiyo kama mtu anavyosimulia harusi yake.

Alirudi Kasarani Desemba 2012. Mudavadi alikuwa keshahama na kuingia UDF, na karatasi hazikuwepo. Februari 2022 pia hazikuwepo. Ilikuwa makofi na mikono juu, kisha safari ndefu ya kurudi nyumbani.

Mwaka 2008, Kendu Bay hadi hapa Rangwe senta hatukuwa na habari nyingine ila Obama na mbio zake za urais wa Marekani. Kwenye hoteli ya chai niliwaeleza wenzangu kwamba chama chake kina wajumbe wa aina mbili. Wengi huahidi kufuata kura za majimbo yao. Wengine, takriban 800, ni magavana, maseneta, wabunge na viongozi wa chama, nao humuunga mkono wamtakaye. Mwezi wa Juni hao ndio waliomsaidia Obama kufikia idadi aliyoihitaji kumshinda Hillary Clinton. Jirani akacheka: "Mwalimu, basi hata mimi ni mkubwa wa aina hiyo!"

Nami nikacheka, lakini alisema kweli. Hakuna kura iliyopigwa Rangwe iliyowahi kumfunga mjumbe wetu. Wamarekani waligombana sana kuhusu wajumbe wao huru baada ya 2016, na mwaka 2018 chama kikawanyima kura ya duru ya kwanza endapo mshindi bado hajajulikana. Sisi wajumbe wetu wote ni huru, na hatujawahi kugombana.

Mimi sitaki wafungwe. Mambo hubadilika ukumbini, na mtu mwenye akili hubadilika nayo. Ninachouliza ni kama uhuru wao ni wa kweli. Tazama Tanzania: Dodoma mwaka 2015, wajumbe wa Mkutano Mkuu wa CCM walifikiwa na majina matatu tu. La Edward Lowassa lilikuwa limekatwa katika vikao vya juu. Wakampa John Magufuli kura 2,104. Walikuwa huru, ndiyo, lakini sahani ilishapakuliwa.

Huku kwetu hupakuliwa mapema zaidi. Niliwahi kwenda kwenye uchaguzi wa tawi la chama fulani, sitakitaja. Nilikuta orodha ya wajumbe imekwisha pigwa chapa. Tukatia sahihi ya mahudhurio, tukanywa soda, tukaambiwa tumechagua. Mjumbe wa namna hiyo hadai chochote kwetu, wala sisi hatumdai. Bwana wake ni yule aliyekodi basi.

Miaka yote hiyo tulinyamaza kwa sababu jibu lilijulikana. Jibu lilikuwa Baba, ndivyo tulivyomwita Raila. Raila alifariki tarehe 15 Oktoba 2025, na uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja bila yeye. Kama kutakuwa na mgombea wetu, au kama tutamuunga mkono wa wengine, safari hii mjumbe wa Rangwe hawezi kusema alifuata tu upepo wa nyumbani. Upepo wenyewe haujulikani unavumia wapi.

Basi wajumbe wachaguliwe mchana kweupe katika wadi zote nne za Rangwe, tarehe ikitangazwa makanisani na sokoni. Kabla ya kupanda basi, kila mmoja asimame soko la Rangwe atuambie anaegemea wapi na kwa nini. Akirudi, asimame palepale. Akiwa amegeuka njiani, tutamsikiliza.

Na nauli tuchange wenyewe. Mimi natoa shilingi mia tano. Wewe wa Kagan, na wewe wa Gem, mnatoa ngapi?